Msalaba Mwekundu kwenye Nyumba ya Mama

Siku watu wa urbanisme, ile ofisi ya mipango miji, walipokuja kuchora msalaba mwekundu kwenye nyumba niliyokuwa namjengea mama yangu, mama mwenyewe ndiye aliyewatolea viti.

Viti kabisa. Na maji ya kunywa, glasi juu ya sahani, utafikiri amepokea mapadri.

Mimi nilikuwa juu, nimekalia mbao za paa, misumari mdomoni, naangalia tu.

Mwenye kopo la rangi alimaliza maji yake, akamshukuru mama kwa adabu zote, akachovya brashi. Akapiga mstari wa kwanza kutoka kona ya dirisha mpaka chini. Akapiga wa pili juu yake. Halafu pembeni akaandika kwa Kifaransa, herufi kubwa, kwamba nyumba hii inabomolewa.

Mama akamuuliza kama anaongeza maji.

Nikatema misumari yote.

Naitwa Osée. Kazi yangu ni kujenga. Sijisifu, lakini ukizunguka mtaa wetu hapa Lubumbashi, ukaingia lupango kwa lupango, yaani kiwanja kwa kiwanja, ukauliza nyumba ndogo ya nyuma ilijengwa na nani, kati ya watu wawili mmoja atanitaja mimi.

Sisi tunaiita anekse. Mtoto ameoa, anajengewa anekse. Mjomba amepoteza kazi, anekse. Unataka mpangaji, anekse. Matofali ya kuchoma ya udongo wa kichuguu, malata ya bati juu, mlango unatazama jiko la nyumba kubwa, kazi kwisha.

Permi, yaani kibali cha kujenga? Nani alikuwa na permi? Miaka ishirini na mbili nashika mwiko wa ufundi na karatasi hiyo nilikuwa naisikia kwa watu tu.

Sasa, baba yangu alifariki mwaka juzi kule Lukafu. Alikwenda huko kulima baada ya kustaafu kazi ya reli. Mama akabaki peke yake, magoti mabovu, kisima mbali.

Siku ya kumaliza matanga, ukoo mzima umekaa, nikasimama. Nikasema mbele ya wajomba na mashangazi: mama anahamia kwangu mjini, na mimi namjengea nyumba yake mwenyewe.

Weh, vigelegele vilivyopigwa siku ile! Shangazi mmoja alinikumbatia analia. Mama aliinamisha kichwa, hakusema neno. Nikafikiri furaha imemzidi.

Kwetu mtoto akitoa ahadi kama ile mbele ya ukoo, mzazi anashukuru na kunyamaza. Akianza kuuliza hiki na kile, watasema hana shukrani, na watalisema mpaka kwenye msiba wake.

Basi mama akaja. Akawa analala chumba kimoja na binti zangu wawili, na mimi nikachimba msingi nyuma ya nyumba yangu.

Ile nyumba niliijenga kwa moyo wote, naapa. Vyumba viwili na sebule. Sakafu laini, mtoto angeweza kuteleza. Nilisimamisha kuta kwa timazi mpaka wasaidizi wangu wakaanza kunicheka, wakaniuliza kama naijengea ikulu.

Na ndiyo hiyo wakaja kuichora msalaba.

Mkubwa wao alikuwa Monsieur Kalaba. Mtu mwembamba, faili kwapani, viatu vinang'aa hata katika vumbi letu la Agosti. Nikashuka kutoka kwenye paa.

Akauliza nani anajenga hapa.

"Ni miye," nikamwambia. "Na lupango ni ya miye. Na mama yenye alikupa maji ni mama ya miye. Weye njo nani?"

Hakukasirika. Akafungua faili, akanieleza taratibu, kama mwalimu. Kwa sheria za komini yetu, yaani manispaa, lupango moja ni nyumba moja. Ukitaka kuweka ya pili, uombe permi. Na ili upewe permi, hiyo nyumba ya pili iwe na njia yake yenyewe mpaka avenyu, barabarani. Moto ukiwaka, au mgonjwa akizidiwa, watu wasianze kupita jikoni kwa mtu mwingine.

Akaniambia nina bahati, kwa sababu lupango yangu inaanzia avenyu moja na kuishia kwenye avenyu nyingine. Nifungue ukuta wa nyuma, nigeuze mlango wa nyumba utazame huko, na yeye ataniandikia permi yangu. Siku thelathini. La sivyo, anarudi na nyundo.

Kugeuza mlango!

Yaani nitoboe ukuta wa ua niliouziba kwa mikono yangu. Nitoboe na ukuta wa nyuma wa nyumba, ambao nimeshaupiga lipu. Niondoe mbao zangu na mchanga wangu, vinavyokaa katika zile hatua nne kati ya nyumba na ukuta. Eti kwa sababu mtu wa viatu vinavyong'aa ameniambia.

Mimi ni fundi. Mlango nafundishwa na nani?

Lakini nikajua dawa yake. Wote tunaijua. Nikakunja kitu kidogo kiganjani, nikampa mkono wa kwaheri, nikasema ni ya sucré, akanywe soda na wenzake.

Aliangalia kile kitu. Akakirudisha katika mfuko wa shati langu, akaupigapiga mfuko kwa vidole viwili.

"Geuza mulango," akasema. Akaenda.

Na mimi nikafikiri nini? Nikafikiri anataka zaidi. Ndiyo akili zetu zilipofika. Mtu akikataa hongo, tunasema huyu anapandisha bei.

Kesho yake asubuhi nikakoroga chokaa, nikaufuta msalaba wao. Nyumba ikawa nyeupe, safi.

Baada ya siku nne wakaja, wakachora tena. Nikafuta tena. Wakachora mara ya tatu. Nikapaka chokaa tabaka mbili, nikaimba wakati napaka, mtaa mzima usikie kwamba mimi sipepesi macho.

Vijana wa pale kona wakaanza kuniuliza kama najenga nyumba au kanisa, na kama misa ya kwanza ni Jumapili ipi. Nikawaambia waje wote, watabatizwa kwa nyundo.

Kwa nje nilikuwa nacheka. Ndani, damu ilikuwa inanichemka. Kuna swali moja lilikuwa linaniamsha kila nikilala.

Mtaa mzima una anekse. Kwa nini wamekuja kwenye yangu?

Mtu amenishtaki. Na nikaona mtu huyo hawezi kuwa mwingine ila Papa Zakari.

Papa Zakari ni jirani yangu, tumetenganishwa na ukuta. Ni mzee wa Kiislamu, baba yake alikuja kutoka Maniema na biashara ya vitambaa, yeye akafungua duka la vifaa vya ujenzi. Misumari, vitasa, malata, yote yangu nilikuwa nanunua kwake. Miaka kumi na tano tumeishi vizuri. Ila msimu wa mvua uliopita, maji ya paa langu yalimwagika upande wake, akaniambia, nikamjibu vibaya. Nikawaza: aah, kumbe ameiweka moyoni.

Nikaacha kumsalimia. Misumari nikaanza kununua upande wa pili wa mji, nabeba mfuko begani juani, mradi tu nisiingie dukani kwake.

Mke wangu Edith akaniambia nageuka kichekesho. Akaniuliza, kugeuza mlango kutanipunguzia nini? Nikamwambia asiingilie mambo ya ujenzi. Siku mbili chakula nikajipakulia mwenyewe.

Ijumaa moja Papa Zakari alikuwa anatoka msikitini na wenzake, kanzu nyeupe, kofia kichwani. Nikamsimamisha katikati ya avenyu. Sitaki kurudia hapa maneno niliyomwambia. Nilimwita mnafiki. Nilimwita nyoka wa kwenye ua. Nilisema na mengine yaliyomhusu baba yake aliyelala kaburini.

Wenzake walitaka kunivaa. Yeye akawazuia kwa mkono.

"Pole, Osée," akaniambia. "Najua unaumia."

Akapita zake. Nikawaambia watu waliosimama pale: mmeona? Hata kukana hajakana.

Wiki ya tatu, mchana, nikamkuta mama chumbani amekaa kitandani, anakunja vitenge vyake kimoja kimoja, anavipanga ndani ya mfuko.

Nikamuuliza anakwenda wapi.

Akasema anarudi Lukafu kabla ya mvua kuanza.

Nilihisi kama mtu amenivutia mkeka chini ya miguu. Lukafu kuna nani? Nani atamchotea maji? Kabla hajaja kwangu alianguka njia ya kisimani, akakaa pale chini tangu asubuhi mpaka jirani alipopita mchana. Mama yangu akirudi kule peke yake, nilijua simu nitakayopigiwa, na nilijua itasema nini.

Nikapiga magoti mbele yake. Nikafikiri anaogopa ile nyundo ya Kalaba.

"Mama, ile nyumba hakuna muntu atabomoa," nikamwambia. "Batanibomoa miye kwanza."

Akanifuta chokaa iliyokuwa shavuni mwangu.

"Minajua, mutoto yangu," akasema. "Njo shida yenyewe."

Sikuelewa. Nikafikiri ni uzee.

Siku ya thelathini ilikuwa Jumamosi. Mama alitoka mapema kwenda kanisani, mama za parokia walikuwa na kikao. Saa tatu nikasikia gari. Monsieur Kalaba akaingia, na nyuma yake wanaume wanne wenye nyundo kubwa.

Nilikuwa nawasubiri. Nimekaa kwenye kizingiti cha mlango wa mama, juu ya mfuko wa saruji, nyundo yangu imelala juu ya mapaja. Mtaa wote ulikuwa ndani ya lupango yangu. Waliobaki nje walikuwa wamepanda ukuta.

Kalaba akaniomba nisogee.

"Monsieur Kalaba," nikamwambia, na nikahakikisha hata wale wa juu ya ukuta wananisikia, "hii mutaa iko na anekse mia. Nusu yao minajenga na hii mikono. Hakuna hata moja yenye unagusa. Unaanza na ya mama yangu, mujane, magoti yake imekwisha. Bon. Anza. Lakini miye niko ndani, na sitoki."

Watu wakapiga makofi. Mmoja wa wale wenye nyundo akaweka yake chini, akawa anaangalia miguu yake.

Nitasema ukweli: nilijiona mkubwa siku ile.

Kalaba akajifuta jasho. Akasema yeye pia ana mama. Akasema hata hizo nyingine mia zitafika zamu yake, lakini ofisi inaanza pale palipoletwa barua, na kwangu barua ipo.

Akafungua faili, akainua karatasi kidogo.

Nilikuwa hatua tatu mbali naye. Sikuhitaji kusoma. Ule mwandiko naujua kama ninavyoujua wangu, herufi zimelala upande, mikia mirefu. Miaka kumi na tano nilikuwa napewa risiti za misumari zilizoandikwa kwa mwandiko ule.

Nikaruka. Nikapasua watu, nikatoka getini, nikaingia duka la Papa Zakari na nyundo yangu mkononi. Mtaa ukanifuata, Kalaba naye akakimbia nyuma na faili lake.

Mzee alikuwa anampimia mteja waya. Akauweka chini.

"Ile barua ni weye uliandika?"

"Eyo," akasema. "Mukono ni wa miye."

Watu wakaguna. Nikainua ile nyundo, Mungu anisamehe, sijui nilitaka kuifanya nini. Kuvunja meza yake, nafikiri. Natumaini ni meza tu.

Papa Zakari hakurudi nyuma hata hatua.

"Uliisoma mpaka mwisho?" akaniuliza.

Nikatikisa kichwa.

Akamgeukia Kalaba. "Mupe asome. Mwenye barua atanisamehe."

Kalaba alisita. Halafu akanipa.

Nikaisoma kwa sauti. Nilitaka kila mtu asikie unafiki wa jirani yangu, neno kwa neno.

Iliandikwa hivi:

"Kwa Mkubwa wa Ofisi. Mimi ni mjane wa miaka sabini na nne. Mwanangu ananijengea nyumba nyuma ya nyumba yake. Ni nyumba nzuri, naomba msiivunje. Ila naomba msimpe ruhusa ya kuimaliza mpaka iwe na mlango wake wenyewe unaotoka avenyu. Nimemwomba jirani aniandikie kwa sababu macho yangu hayaoni tena vizuri. Mwanangu msimtajie jina langu, ataona aibu. Ni mimi..."

Hapo nikaacha kusoma.

Chini ya barua jina halikuwa kwa mwandiko wa Zakari. Lilikuwa kwa herufi kubwa zinazotetemeka, zimepinda moja moja, zile zile zilizokuwa zinatia sahihi kwenye ripoti zangu za shule.

JULIENNE.

Jina la mama yangu.

Nikainua macho. Watu walikuwa wameachia njia katikati. Mama alikuwa amesimama mlangoni pa duka, na kitenge chake cha kanisa, anapumua kwa nguvu kwa sababu ya kutembea haraka.

"Mama," nikasema. "Ni weye?"

"Ni miye."

"Unashitaki nyumba yako mwenyewe?"

Papa Zakari akamsogezea kiti. Hakukaa. Akanisemesha pale pale, mbele ya mtaa wote.

"Osée, miye nilizaliwa nyuma ya nyumba ya bantu. Kambo yako, baba yangu miye, alikuwa boyi, mutumishi, ku muzungu moya, pale katikati ya mji. Kulala, tulilala mu boyeri, kale kanyumba ka nyuma kenye balijengea batumishi. Kupita mulango ya mbele, apana. Tulipita mu kanjia ka nyuma, kenye balipitisha uchafu. Muzungu akiwa na bageni, hata kukohoa, apana. Siku mama yangu alizaa mudogo wangu mule ndani, kulikuwa fete, sherehe, mu nyumba kubwa. Aliuma kitambaa mpaka mutoto akatoka, juu bageni basisikie. Miye nilimushika mukono. Nilikuwa na miaka saba."

Mtoto mmoja aliyekuwa analia mgongoni kwa mamaye alinyamazishwa.

"Tulipotoka mule, nikasema: Mungu akinipa uzima, sitalala tena nyuma ya mulango ya muntu. Na sikulala. Nyumba ya baba yako ku camp ya reli iliangalia barabara. Ya Lukafu iliangalia barabara. Sasa minazeeka, mutoto yangu wa kuzaa ananijengea boyeri."

"Mama, si boyeri," nikasema. "Ni anekse."

"Mulango inaangalia wapi?"

Mlango ulikuwa unatazama jiko langu. Ili mama afike kitandani kwake, ilibidi aingie getini kwangu, apite kando ya dirisha langu, apite masufuria ya Edith, azunguke tangi la maji. Nilijenga anekse hamsini namna ile na siku hata moja sikujiuliza.

"Nilikuuliza mara tatu mulango itaangalia wapi," mama akaendelea. "Mara tatu ulinijibu: mama, hiyo ni kazi ya fundi. Basi nikaenda kutafuta mukubwa wa mafundi."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akazibwa mdomo.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia wazi. Kwa nini ameniacha mwezi mzima napaka chokaa kama mwehu.

"Ulitoa ahadi mbele ya ukoo," akasema. "Ningekataa namna gani? Na nilifikiri utachoka, utageuza. Siku kumi, nikasema atageuza. Siku ishirini. Halafu nikasema, hapana, huyu hatageuza, acha nirudi kwangu. Hiyo kichwa yako ngumu, unafikiri uliitoa ku nani?"

Nililia. Mwanaume mzima, nyundo mkononi, katikati ya duka la watu. Mwezi mzima nilikuwa napigana ili mama asiondoke, na kumbe ni mimi niliyekuwa namfungia mfuko.

Nilipomaliza kujifuta kamasi, nikawageukia wale wanne.

"Mulikuya kubomoa, si vile?" nikawaambia. "Basi, kuyeni tubomoe."

Tukazunguka wote mpaka avenyu ya nyuma. Nikamshika mama mkono, nikamsimamisha mbele ya ukuta niliouziba mwenyewe. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu ya ufundi, nikamuuliza mtu: mlango tuweke wapi?

Akatembea. Akaenda mbele, akarudi. Akatazama jua. Watu karibu sitini wanamsubiri, na yeye wala hana presha.

"Hapa," akasema mwishowe, akagonga ukuta kwa kiganja. "Na dirisha pale, nione bantu banapita."

Nyundo ya kwanza nikaipiga mimi. Ya pili akaipiga Monsieur Kalaba, na viatu vyake vyote vile. Mpaka saa tisa ukuta ulikuwa wazi, mbao zangu zimehamishwa, na zile hatua nne nilizozigeuza stoo zimekuwa kiwanja cha mbele cha mama yangu.

Halafu kulikuwa na deni la jirani yangu, na lile halilipwi kwa siri. Tusi nililitoa hadharani, kwa hiyo Ijumaa iliyofuata nikasimama pale pale katikati ya avenyu, saa ya kutoka msikitini. Edith alisimama pembeni yangu. Nikamwomba Papa Zakari msamaha mbele ya wenzake wale wale, kwa ajili yake na kwa ajili ya baba yake. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza siku ile namtukana, wakati neno moja tu lingenifunga mdomo.

Akasema neno lile halikuwa lake. Mama alimpa siri, na siri ya mama wa mtu haitolewi kwa sababu ya matusi.

Akatembea kidogo, akageuka.

"Lakini kitasa cha mulango utanunua kwangu," akasema. "Kile cha upande wa pili wa mji hakina maana."

Nikanunua viwili.

Permi nilikwenda kuichukua mwenyewe komini. Ina muhuri, ina namba, ina jina la avenyu ya nyuma. Mama aliitia kwenye fremu, akaitundika sebuleni, juu kidogo ya picha ya baba. Ule mlango wa kutazama jiko langu aliniamuru niuzibe kwa matofali, na alikaa kwenye kiti akinihesabia mpaka tofali la mwisho.

Asubuhi ya kwanza baada ya yeye kuhamia, nikatoka na mkate wa moto kumpelekea. Nilizoea kukatiza ndani ya lupango. Nikafika, nikakuta ukuta. Nikarudi, nikatoka getini kwangu, nikazunguka kona nzima kwa miguu mpaka avenyu ya nyuma, nikabisha hodi.

"Nani?"

"Ni miye, Osée."

"Osée gani?"

"Mama, Osée wa kwako."

"Aya. Ngoja, navaa."

Nikangoja. Watu wakapita, wakanisalimia, wakaniuliza kama nimefukuzwa nyumbani. Mkate ukapoa mkononi.

Nikachungulia dirishani. Mama yangu alikuwa amekaa kwenye kiti chake, ameshavaa zamani, amejifunga kitambaa kizuri kichwani, anakunywa chai yake taratibu anaangalia mlango. Hakuna alichokuwa anafanya. Alikuwa ananiacha ningoje tu, kama watu wote wanaongojwa kwenye milango yao.

Nikarudi pale kwenye ngazi, nikasimama vizuri.

Basi ndugu zangu mnaosoma, hasa nyinyi mnaojengea wazazi: kabla hujaweka tofali la kwanza, muulize atakayelala mle ndani. Akikuuliza jambo moja mara tatu, usimwambie kwamba kazi unaijua. Kuna kitu anakuambia na hataki kukuaibisha. Na anayekuja na sheria mkononi si lazima awe adui yako. Mimi nilisimama mwezi mzima kumlinda mama yangu dhidi ya watu ambao mama yangu mwenyewe ndiye aliyewatuma.

Siku hizi mtu akiniita kumjengea anekse, nauliza kwanza ni ya nani, halafu naomba niongee na mwenyewe.